Kabla Macho ya Mayi Hayajazimika

Mume wangu Gichuru ni mtu wa mawe. Huuza mawe ya kujengea hapa Kitengela, na siku ya mapumziko huenda kutazama mawe yasiyouzwa: kuta za kale, stesheni za reli zilizosahaulika, mahekalu. Kajiado yote ameizunguka. Watalii hupita hapa mbio wakielekea Amboseli bila kugeuza shingo, na jambo hilo humuuma kweli. Mimi nilikuwa nikimcheka. Mwaka wa 2004 nikaacha, kwa sababu mama yangu alikuja kutoka Bungoma akasema anataka kuonyeshwa kila kitu, tena upesi.

Upesi, kwa kuwa macho yake yalikuwa yanakufa. Presha ya macho, alisema daktari. Kilichopotea hakirudi, na kilichobaki huenda kisimalize mwaka. Mayi, ndivyo tunavyomwita mama sisi Wabukusu, alifundisha historia maisha yake yote. Vita vya ngome ya Chetambe, pale wazee wetu walipopambana na Waingereza wakijikinga kwa ukuta na handaki, alivisimulia darasani hadi watoto wakainamisha vichwa kukwepa risasi. Lakini upande huu wa Nairobi hakuwahi kuukanyaga. Hakulia alipotupa habari hizo. Alisema tu, "Nataka kushiba kuona kabla hayajazimika."

Shida ikawa moja. Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake hawatazamani usoni. Hawali pamoja wala hawapeani mikono. Ni heshima, na Gichuru, Mkikuyu wa Nyeri, aliishika mila hiyo kuliko sisi wenyewe. Miaka saba ya ndoa yetu, kila tukienda Bungoma, Mayi akiingia kwa mlango wa mbele, yeye hutokea wa nyuma. Sasa nani angetutembeza?

Jibu alilipata Gichuru mwenyewe. Mimi niendeshe pikapu, Mayi akae mbele nami, naye akae kule nyuma panapobebwa mawe, ametupa mgongo, atueleze kupitia kidirisha. Nikamwambia atafika Magadi amegeuka vumbi.

"Mawe hukaa hapo kila siku," akasema, "na sijasikia yakilalamika."

Tulianza na kilima kimoja nje ya mji wa Kajiado, penye mabaki ya ngome ndogo ya askari waliolinda reli wakati wa vita vya kwanza na Wajerumani. Nilitarajia rundo la mawe. Nikakuta ukuta unaofika kifuani, umezunguka kilele chote, na chini yake nyika imelala wazi mpaka macho yanachoka. Uzuri wake ulinitia aibu, maana nilikuwa nimeishi karibu nao miaka yote hiyo.

"Valerie, mwambie Mama hii ukuta haina simiti hata kidogo," Gichuru alisema, amegeukia mbuga. "Aangalie ile kona. Hakuna mahali wembe inaweza kuingia."

"Mwambie nimesikia," Mayi akajibu. "Na umwambie wazee wetu wangeongeza handaki."

Basi nikawa mkalimani wa watu wawili wanaozungumza Kiswahili kimoja. Mayi hakuweza kuuona ukuta mzima. Macho yalimbakishia katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Alianza kwenye kona, akasogeza kichwa polepole, jiwe kwa jiwe, kisha akafumba macho ayaunganishe kichwani. Tulimsubiri. Gichuru hakumharakisha hata mara moja, na nikampenda upya.

Pale Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, upepo ulitaka kutubeba. Mama mmoja wa Kimaasai aliyeuza chai alitusalimu, "Sopa," nikaitikia, "Ipa," akatumiminia vikombe vitatu. Gichuru alinywa chake amejificha nyuma ya pikapu.

"Amekunywa?" Mayi akauliza.

"Amekunywa."

"Muongezee. Sauti imeanza kukauka."

Kule Olorgesailie shoka za mawe zimetapakaa chini pale pale walipoziacha waliozichonga, kabla ya hesabu yoyote ninayoweza kuishika. Mayi aliinama hadi pua ikakaribia kugusa kamba ya uzio. "Mwambie hawa walikuwa mafundi kabla hakujakuwa na makabila," akasema. Nyuma yetu Gichuru akacheka kwa furaha.

Tulifika Magadi joto likiwa limekasirika. Ziwa lilikuwa jeupe kwa magadi, na hapa na pale jekundu. Karibu na nyumba za kampuni inayochimba magadi hayo kulikuwa na hekalu dogo la Wahindi, la wale waliokuja na reli. Mlinzi alitufungulia. Tukavua viatu, tukaingia kwenye ubaridi wa sakafu yake. Nguzo zilikuwa zimechongwa maua mpaka juu, na Mayi alipanda nazo ua kwa ua, mdomo wazi. Gichuru alibaki nje ili asiwe naye chumba kimoja, akitupigia kelele za maelezo kupitia dirisha.

Ghafla Mayi akaacha nguzo. "Nimeshiba," akasema. "Kimebaki kimoja."

Akatoka pekupeku hadi kwenye kivuli alipokuwa mume wangu. Gichuru alisikia nyayo, akajifunika koti kichwani haraka.

"Geuka," Mayi akamwambia yeye, si mimi.

"Mama, hapana. Mila."

"Mila ni yangu. Wewe nilikuazima tu." Akavua leso yake begani, akamvika, kwa maana kwetu kizuizi hicho huondolewa kwa zawadi. "Wazee nitawaeleza mwenyewe. Nimeonyeshwa kazi ya mikono ya wafu siku nzima. Aliyenionyesha simjui sura, na mwakani nitakuwa nimechelewa."

Gichuru akageuka. Alikuwa mwekundu kwa vumbi kutoka nywele hadi viatu. Mayi akamshika mashavu, akaanza juu kwenye paji la uso, akashuka polepole, nyusi, kovu, pua. Alipofika machoni akasimama.

"Usilie, mwanangu," akasema. "Unasogea, na mimi naona kidogo kidogo."

Gichuru alijitahidi kutulia. Alishindwa, na Mayi akaendelea kumtazama hivyo hivyo.