Jumamosi za Agneta

Kiwanda cha mikate kilimuaga Agneta Ijumaa ya mwisho ya Septemba kwa soda, hotuba fupi na leso mbili. Jumatatu iliyofuata aliamka saa kumi alfajiri, kama alivyoamka kwa miaka thelathini na mmoja, akavaa, akafunga kitambaa kichwani, akafika mlangoni ndipo akakumbuka kwamba hana anakokwenda. Hakurudi kulala. Aliwasha jiko la makaa, akachukua unga wa ngano uliokuwa kabatini, akaanza kukanda.

Kulipokucha meza ilikuwa imejaa skonzi. Waswa, mumewe, alisimama akizitazama, taulo likiwa shingoni.

"Mama Terry, hizi zote atakula nani?"

"Watu wapo," alisema Agneta, na tayari alikuwa anapekua kabati akitafuta sukari ya keki.

Waliishi wawili tu katika nyumba ya kupanga pale Mamboleo, Kisumu, vyumba viwili na jiko, karibu na njia panda. Waswa alikuwa amestaafu miaka minne kabla yake kutoka karakana ya kutengeneza injini za maboti, na miaka hiyo yote alikuwa akimsubiri. Makubaliano yao yalikuwa ya siku nyingi: siku Agneta akiacha kazi, wanarudi nyumbani Kimilili. Nyumba ilikuwa tayari imejengwa huko, ya vyumba vitatu, mabati mekundu, migomba nyuma yake. Waswa alikuwa ameshaanza kukusanya maboksi kutoka soko la Kibuye. Aliyapanga kando ya kitanda, moja juu ya jingine, na kila Agneta alipogeuka usingizini mkono wake uliyagusa.

Hakusema kitu kuhusu maboksi. Alichosema, jioni ya Alhamisi hiyo ya kwanza, ni kwamba haifai waondoke kabla ya kumwonyesha mjukuu wao mawe ya Kit Mikayi.

"Mtoto ana miaka kumi, amezaliwa hapa hapa, na hajawahi kuyaona. Tutamwambia nini?"

Waswa alikubali. Jumamosi moja si kitu.

Binti yao Terry ndiye aliyekuwa na gari. Alikuwa mwalimu, ameolewa na kukaa Migosi, na Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake ya kupumua. Aliendesha hata hivyo. Mwanawe Mercyline alikaa nyuma na bibi yake, keki ya ndimu ikiwa magotini mwao kwenye sufuria ileile iliyookewa. Mvua za vuli zilikuwa zimeanza, barabara ilikuwa inateleza, na walipofika kwenye yale mawe makubwa yaliyopandana, Agneta alitangulia kupanda kama msichana, akaangalia, akashuka, akauliza, "Sasa?"

"Sasa nini, Mama?" Terry aliuliza. "Si tumefika?"

Jumamosi ya pili walikwenda Dunga, ufukweni mwa ziwa. Ya tatu ilikuwa Ahero, kuona mashamba ya mpunga. Ya nne walikwenda tena Dunga kwa sababu, kwa maneno ya Agneta, ile mara ya kwanza mvua iliwafukuza. Katikati ya wiki alikuwa anaoka. Alinunua makopo na trei za kuokea za mitumba Kibuye, akajifunza mkate wa nazi, mkate wa ndizi, biskuti za karanga. Alizigawa kwa majirani, kwa kina mama wa kanisa, kwa vijana wa bodaboda waliomwita Mama Keki. Mercyline alikuja baada ya shule akakanda naye.

"Kukhu," alimwita siku moja, kwa neno la Kibukusu la kumwita bibi, ambalo Waswa alikuwa amemfundisha tangu utotoni, "kwa nini hukai chini?"

"Nikikaa nani ataangalia moto?"

"Moto umezimika."

Agneta aliangalia. Ulikuwa umezimika kweli.

Jambo lenyewe alilijua, ila hakuthubutu kulitamka. Kimilili alikuwa amekaa miezi minane tu, akiwa bibi harusi, kabla ya kumfuata Waswa Kisumu. Alichokumbuka zaidi huko ni mama mkwe wake. Yule mama aliketi barazani kutwa nzima akiangalia barabara, akimtaja kila anayepita: yule ni wa fulani, yule anakwenda kusaga. Alikufa akiwa kwenye kigoda kile. Kila Waswa alipozungumza juu ya baraza ya nyumba mpya, jinsi alivyoipanua ili viti viwili vikae vizuri, Agneta alihisi miguu inamwasha.

Maboksi yalifika kumi na moja.

Jumamosi ya sita aliamua wavuke ziwa. Miaka yote hiyo alikuwa ameishi kando yake bila kulivuka hata siku moja. Waliondoka mapema, wakaacha gari Luanda Kotieno, wakapanda feri ya Mbita. Abiria wengine waliketi, Waswa akaketi na kikapu cha keki miguuni, Terry akalala ameegemea nguzo. Agneta alitembea kutoka upande huu hadi upande ule, akirudi kila mara kusema ameona kisiwa.

"Kaa, Mama Terry," Waswa alisema. "Feri haiendi kwa miguu yako."

Walifika Mbita, wakala, wakapumzika kivulini. Feri ya kurudi ilikuwa na saa yake na Terry aliitaja mara mbili. Lakini Agneta alikuwa ameona daraja la kwenda kisiwa cha Rusinga.

"Tuko hapa tayari. Tuvuke mara moja tu, tuone upande ule."

"Mama, tutachelewa."

"Dakika chache."

Dakika chache zilikuwa ndefu. Huko Rusinga Agneta alikuta wanawake wanaanika omena juu ya nyavu, akaanza kuwauliza mambo ya samaki, nao wakamuuliza mambo ya keki, wakaonja, wakacheka, akawaandikia vipimo vya unga kwenye karatasi. Mara tatu Terry alimwita. Waliporudi Mbita tuktuk waliyopanda iliwaacha juu ya mteremko kwa sababu ya msongamano wa mikokoteni, ikabidi wateremke kwa haraka, Waswa akiwa na kikapu mkononi. Walipofika ukingoni feri ilikuwa imeshaachana na nchi kavu, maji meupe yakichemka nyuma yake.

"Imeenda," alisema Mercyline.

Waswa aliweka kikapu chini, akatafuta jiwe, akaketi. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Baba Terry?"

"Kichwa," alisema. "Kinazunguka."

"Dawa zako za presha ziko wapi? Hukumeza asubuhi?"

Aliinua macho, akamtazama, na Agneta akajua. Dawa zilikuwa Mamboleo juu ya redio. Yeye ndiye aliyezifunga kila safari. Leo alifunga keki, chupa ya chai, sahani, shuka la kukalia, koti la mvua la Mercyline. Dawa alizisahau.

Akaanza kulia. Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza nyanya pale karibu aliacha meza yake, akaja na kiti cha plastiki.

"Mzee akae hapa, kuna kivuli. Mama, usilie kwanza. Duka la dawa liko pale tu, Lorine yuko."

Jina lake lilikuwa Perez. Yeye na Terry walimshika Waswa kila mmoja upande wake wakampeleka. Lorine, msichana mpole mwenye miwani, alimpima presha mara mbili, akatikisa kichwa, akauliza jina la dawa. Agneta alilijua kwa moyo, pamoja na kipimo chake. Baada ya Waswa kuzimeza na kulala kwenye benchi nusu saa, walimpima tena. Ilikuwa imeshuka kidogo.

"Asisafiri leo," alisema Lorine. "Apumzike. Kesho mchana, akiwa vizuri."

Perez hakungoja waulize. Nyumba yake ilikuwa na chumba cha binti aliyeolewa. Aliwapa maji ya kuoga na uji, akawachukua Terry na Mercyline wamsaidie kufunga meza yake. Hivyo ndivyo Agneta na Waswa walivyobaki peke yao uani, jua likiwa bado halijazama, kuku wa Perez wakichakura kati yao.

"Tumezunguka ziwa zima," alisema Waswa. Sauti yake ilikuwa imerudi. "Niambie. Unatafuta nini?"

Agneta alifungua mdomo aseme habari ya mjukuu na mahali ambapo hajapaona. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Sitaki kwenda Kimilili."

Waswa aligeuka akamtazama.

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoezeka."

"Hiyo ni miaka saba."

"Najua."

"Miaka saba, Agneta. Ukanichagulia rangi ya madirisha."

Alimwita kwa jina. Hakuwa amefanya hivyo tangu Terry azaliwe.

"Nilidhani nitazoea," alisema Agneta. "Kila mwaka nilisema, nitazoea. Kisha kazi ikaisha na sijazoea. Nikaogopa kukwambia. Nikasema, wacha tumalize hii Jumamosi, halafu nitamwambia."

"Ungesema," Waswa alisema, na sasa macho yake yalikuwa yamelowa. "Ningejenga chumba kimoja."

Agneta alicheka kabla hajajizuia, kisha akalia. Waswa hakumshika mkono. Alikuwa na hasira, na alikuwa na haki nayo.

"Mimi nataka kwenda," alisema baadaye. "Sikiliza na wewe. Hapa nimekaa miaka arobaini. Watu wazuri, sina neno nao. Lakini nikisalimu dukani, wananijibu kama mgeni anavyojibiwa. Nataka kuzeeka mahali ambapo nikianza hadithi, mtu mwingine anajua mwisho wake."

"Na huko mgeni nitakuwa mimi."

"Najua. Sikuwaza hilo. Kosa langu."

Walikaa hivyo mpaka Perez aliporudi akawaita kula.

Kesho yake walivuka bila maneno mengi. Agneta aliketi safari nzima.

Desemba Waswa alihamia Kimilili peke yake. Terry alikasirika mpaka akakataa kuja kufunga mizigo. "Watu watasema mmeachana uzeeni," alimwambia mama yake kwa simu, na Agneta akamjibu kwamba watu wataletewa keki. Lakini lori lilipoondoka na kitanda kikubwa na yale maboksi kumi na moja, aliingia chumbani, akaona ukuta mtupu, akatamani angekuwa juu ya lori.

Walikubaliana Agneta atakwenda huko kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Alikwenda. Akiwa Kimilili alipika, akafagia, akasalimu, na kufikia Jumatatu miguu ikamwasha. Akiwa Mamboleo kila alfajiri alipiga simu kuuliza kama dawa imemezwa, kisha akapiga tena kuuliza kama kweli imemezwa.

Jumatano moja ya Januari simu haikupokelewa. Alipiga mara sita. Alikuwa amekanda unga wa mikate minne, hamira ndio kwanza inaanza kufanya kazi. Aliufunika kwa kitambaa, akamwachia jirani ufunguo, akapanda gari la Kimilili na aproni mwilini.

Alimkuta Waswa katika migomba, ameshika panga, anazungumza na binamu yake Waliaula habari za ng'ombe. Simu ilikuwa ndani, mfukoni mwa koti.

"Leo ni Ijumaa?" Waswa aliuliza.

Agneta alimfokea mbele ya mgeni, kwa Kibukusu na kwa Kiswahili, mpaka Waliaula akaaga. Halafu aliketi barazani kwa sababu pumzi zilimwishia, na Waswa akaketi kwenye kiti cha pili. Mtu alipita barabarani na mbuzi wawili.

"Yule ni nani?" Agneta aliuliza.

"Mtoto wa Joram. Unakumbuka Joram?"

"Simkumbuki. Niambie."

Alimwambia. Ilikuwa hadithi ndefu na alikatishwa mara nyingi kwa maswali. Agneta alikaa hadi Jumapili, akaongeza siku mbili, na Jumanne asubuhi akaanza kutafuta viatu vyake. Waswa alimsindikiza hadi stendi akimbebea ndizi.

Huko Mamboleo jirani alimpokea kwa aibu. Ule unga, alisema, ulifura mpaka ukamwagika mezani, na yeye hajui mambo ya mikate, kwa hiyo ameufanya chapati. Zilikuwa ngumu. Zilikuwa zimebaki mbili.

Agneta alikula moja akiwa amesimama, akauliza kama kuna makaa.