Mistari Iliyokoza

Sikiliza hiki, kisha unijibu: hunywa buluu, akilala sana hutema nyeusi. Ni nani huyo? Usijikune kichwa, nitakwambia. Ni kalamu ya wino, ile ya kujaza. Na kuna siku nusura imkoseshe mtoto wa dobi jina lake.

Mkaguzi alikuwa ameshashika rula. Kwenye daftari la vizazi ukurasa mzima ulikuwa buluu, isipokuwa mstari mmoja, mweusi tii. Huo ulikuwa wa binti wa dobi, aliyetarajiwa kuanza shule Jumatatu. Mkaguzi alisema umechomekwa baadaye kwa wino mwingine, kwa hiyo unafutwa. Dobi mwenyewe alikaa kwenye benchi mlangoni, mikono yake iliyochujuka kwa sabuni imetulia mapajani.

Karani, ambaye ofisi nzima ilimwita Mama Nukta kwa jinsi alivyozikandamiza nukta zake, aliweka kiganja juu ya ukurasa.

"Hufuti," alisema.

Akaeleza. Kifuniko cha kalamu yake kina ufa. Kalamu ikikaa siku nyingi bila kuandika, maji hukauka, rangi ikabaki humo ndani ikikolea, kama mchuzi uliosahauliwa jikoni. Mstari wa kwanza hutoka mzito. Akijaza wino mpya, buluu hurudi. Na kabla ya mstari wa binti tarehe zilikuwa zimeruka siku tisa. Siku hizo yeye karani alikuwa kitandani na homa, na hapakuwa na karani mwingine.

Mkaguzi, kijana wa umri wa kuweza kuwa mwanawe, akacheka. "Kumbe hata wino wako huenda likizo, mama?"

"Hulala tu, baba. Hata wewe ukilala siku tisa, utaamka na rangi nyingine."

Lakini dua la kuku halimpati mwewe. Mama Nukta alivaa miwani, akapanda kigoda, akateremsha madaftari ya miaka kumi na tisa, moja baada ya jingine, vumbi likimjaa nywele. Akamtaka mkaguzi afungue jalada la likizo za karani, alinganishe mwenyewe. Msiba wa mama yake: mstari mweusi. Mguu ulioteguka: mweusi. Harusi ya mpwa wake, siku nane, na karibu wino ugande kabisa. Mkaguzi hakucheka tena. Alivuta kiti, akaanza kupekua peke yake, akitafuta mstari mmoja utakaomkatalia Mama Nukta.

Akaupata, kwenye daftari la zamani kuliko yote. Siku sita zimeruka, mstari umekoza, na jaladani hamna likizo.

"Hapa ulikuwa wapi, mama?"

Mama Nukta alinyoosha kona ya ukurasa iliyojikunja. Akauliza kama mistari mingine kumi na mmoja haitoshi. Mkaguzi akajibu, kwa upole safari hii, kwamba mmoja usio na sababu unaiharibu yote, na wa binti ukiwemo.

Dobi alikuwa amesimama mlangoni. Mama Nukta alimtazama kitambo. Kisha akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni, wala hakuivaa.

"Nilijifungua," alisema. "Hakulia, nami sikuomba likizo. Na daftari hili, baba, ni la waliolia."