Anwani Mbili za Katikati

"Futa hiyo," bosi wangu Gaspari alisema, kidole kikigusa kioo cha kompyuta. "Mkongo wa intaneti umeshafika Kiomboi. Antena za nini tena?"

Alikuwa anaonyesha njia ya redio kati ya ofisi yetu na ile ya Singida mjini. Niliiwekea fungu dogo kuliko yote niliyowahi kukata: anwani nne tu za mtandao. Ya kwanza ni jina la fungu, ya mwisho ni ya kuwaita wote. Zinabaki mbili za katikati. Moja ilikuwa ya ruta yangu, kisanduku kinachoelekeza ujumbe. Nyingine, ya Antipasi, fundi mwenzangu wa Singida.

Njia hiyo tuliifunga pamoja, yeye kule, mimi huku, simu sikioni. Nikatuma ujumbe wa kupima njia, jibu halikurudi.

"Wako unafika," alicheka. "Ruta yangu ndiyo haijui njia ya kukurudishia. Niamkie kwanza, ndipo niiandikie."

Tulikuwa rika moja, tumetoka darasa moja la diploma. Nikamwambia labda niiamkie ruta, si yeye. Akaandika. Jibu likatokea kwenye kioo, na sikioni sauti yake: "Marahaba, mjukuu!"

Tangu hapo kila asubuhi nilipima njia, naye akapiga simu kudai shikamoo yake. Sikuwahi kumpa.

Masika yaliyopita alikwenda kutengeneza antena ya zahanati moja. Pikipiki ikamshinda kwenye mteremko wa Sekenke. Tulimzika kwao, Mgori.

Niliporudi kazini nilipima njia. Ruta yake ikajibu upesi, kama kawaida. Chuma hakina matanga. Nikaendelea hivyo kila asubuhi, mlango nimeurudishia.

"Winfrida, unasubiri nini?" Gaspari akauliza.

Kazi hii ina utaratibu wake: unafuta upande wa mbali kwanza, maana ukianza na wako umejifungia nje. Nikaingia kwenye ruta ya Antipasi.

"Shikamoo," nikasema chinichini. Nikabonyeza.

Kioo kikaganda; njia ilikuwa imekatika.

Gaspari akapima njia mpya, ya mkongo. "Kasi hiyo! Wala Singida hawajasikia kitu."

"Hawajasikia."

Akainamia mpango mpya wa anwani niliouchora. Maabara, stoo, zahanati, kila moja na fungu lake. "Hapa mbona umeruka?"

"Akiba."

"Anwani nne, dada? Akiba ya nini?"

Nilikuwa nimeshapanda juu ya kiti, nachomoa waya wa antena. Niliuzungusha kiwikoni taratibu, kama kamba ya kisimani.