Rubani Aliyeogopa Kugonga

Ioteba aliingia kwenye meli yetu kwa ombi la mama yake, na kwetu ombi la ndugu halikataliwi. Mama huyo ni mke wa kaka yake Nahodha Rotia. Alikuja gatini pale Nonouti ya Pili na chupa ya asali ya mnazi, akaketi, akasema, "Wifi, mwanangu amemaliza chuo cha urubani. Naomba umchukue." Rotia aliitazama asali, kisha akamtazama kijana aliyesimama nyuma, ameukumbatia mkeka wake uliokunjwa kama mtu aliyeachiwa mtoto wa jirani. Akasema, "Nimesikia." Kwetu hiyo ni ndiyo.

Meli yetu iliitwa Eitei. Haikuwa kubwa wala mpya. Ilipita kwenye vituo vya watu wetu vinavyoizunguka hii nyota nyekundu waliyoihamia mababu, ikipeleka chakula cha samaki, mabomba na miche ya shelisheli. Mimi, Bauro, nilikuwa fundi wake wa injini. Msaidizi wa nahodha alikuwa Terieta, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti hata akichomwa na chai. Rotia alimwita, akamwonyesha kijana.

"Huyu ni wako."

"Yukoje?"

"Ni mtoto wa kaka yangu."

Hayo ndiyo maelezo yote aliyopewa.

Kazi ya Ioteba ilikuwa kuegesha. Safari yenyewe, baina ya kituo na kituo, mashine inaimudu. Lakini vituo vyetu ni vya zamani, na kila kizazi kimeongeza vyumba vyake bila kumwuliza mtu, kwa hiyo mashine ikikaribia gati inachanganyikiwa. Kuulinganisha mlango wa meli na mlango wa kituo kunataka mkono wa binadamu.

Mara ya kwanza ilikuwa Marakei Mpya. Ioteba alikizunguka kituo kile kama mtu anayetafuta choo kwenye harusi ya watu asiowajua. Anasogea, anasimama, anarudi nyuma, anageuka kumtazama Terieta usoni. Watu wa kituo walikuja madirishani, na baadaye wakaleta viti. Mwishowe akabonyeza redio, akasema kwa sauti ndogo, "Shangazi." Kazini alitakiwa kumwita Nahodha, na alijua. Terieta akanyoosha mkono, akaimalizia mwenyewe.

"Umefanya vizuri," akamwambia.

"Nimefanya vizuri?"

"Kwa mara ya kwanza, vizuri."

Ioteba aliitazama mikono yake. "Asante, mkuu. Samahani."

Tukaanza kumlea. Mpishi akawa anamwekea kichwa cha samaki, ambacho kwa haki ni cha nahodha. Rotia akawa anapita nyuma yake na kumgusa bega, na kila akiguswa anaruka. Mimi niliambiwa nimpe moyo. Nikamsimulia habari za rubani mmoja wa zamani aliyekuwa mwoga kama yeye, kisha akawa hodari kupita wote.

"Sasa yuko wapi?" akaniuliza.

"Amefariki."

"Alifarikije?"

Niliuliza kama ameshakula.

Kituo baada ya kituo, mambo yakawa yale yale. Ioteba anaanza, Terieta anamalizia, wote tunasema vizuri sana. Na kadiri tulivyomsifu ndivyo alivyozidi kutetemeka. Akaanza kukagua kila kitu upya. Anakwenda kugusa makufuli ya mlango wa hewa, anarudi kuketi, anainuka tena kwenda kuhakikisha kwamba alipoyagusa hakuyalegeza. Kuna wakati tulifika Nonouti, tukasimama nje tukisubiri amalize kukagua, mpaka mfugaji mmoja wa samaki akaingia redioni.

"Eitei, samaki wangu wameanza kutazamana vibaya. Mnaegesha leo, au nije na ndoo niwafuate huko huko nje?"

"Tunakuja," Rotia akajibu.

"Juzi pia mlikuwa mnakuja."

Rotia akaitisha baraza. Tulitandika mikeka kwenye chumba cha kulia, kila mtu akaketi mahali pake. Kwetu jambo la mtu husemwa mbele yake, na husemwa kwa adabu. Mpishi akasema Ioteba ni kijana mwenye heshima, anaosha sahani yake bila kuambiwa. Terieta akasema ni mwangalifu. Rotia akasema anamwona anakua. Ioteba alikuwa ameinamisha kichwa, na kwa kila sifa shingo yake ilizidi kuzama, kama kobe anayepigwa mawe.

Ikafika zamu yangu. Nilikuwa nimetoka kufunga pampu na mgongo uliniuma.

"Ioteba, mwanangu," nikasema, "ile miche ya shelisheli tuliyopakia safari hii imechipua huko ghalani. Nahofia itazaa, tule matunda, tupande mbegu, na wewe bado unatafuta mlango."

Maneno kama hayo hayasemwi barazani. Rotia alinitazama jinsi anavyotazama bomba linalovuja. Lakini Ioteba alicheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, akacheka mpaka akapangusa macho kwa viganja. Tangu aingie melini hatukuwa tumemsikia akicheka. Terieta hakunitazama mimi. Alikuwa akimtazama yeye.

Kesho yake nilikuwa ghalani, nimelala chini ya bomba la maji nikibadilisha mpira, ndipo Ioteba alipoingia na mkeka wake chini ya kwapa. Akaanza kuufunga kwa kamba. Kabla sijakohoa, Terieta naye akaingia. Baada ya hapo haikuwa vizuri kutoka, nikabaki chini ya bomba.

"Unakwenda wapi na mkeka?" Terieta akauliza.

"Nitashuka Onotoa ya Juu, mkuu. Nitatafuta kazi ya bustani. Mama nitamweleza mimi."

"Utamweleza nini?"

Nilisikia kamba ikivutwa, kisha ikaachwa.

"Mkuu, nikuulize kitu. Uniambie kweli. Mimi ni mbaya?"

Nilijua Terieta anachotafuta, kwa sababu hata mimi pale chini nilikuwa nakitafuta: neno laini. Hakulipata, au alilipata akaliacha.

"Ndiyo," akasema. "Kuegesha, wewe ni mbaya."

Nilifunga macho. Niliona huyu kijana atalia, na mimi nitabaki chini ya bomba mpaka jioni.

"Mbaya namna gani?" Ioteba akauliza.

"Unaingia polepole mno, meli inayumba. Ikiyumba, unasimama. Ukishasimama unanitazama usoni badala ya kutazama kioo kinachoonyesha gati. Mimi sina mlango usoni. Halafu unarekebisha kitu ambacho hakijaharibika. Nimeegesha na marubani wengi, na kwa ubora wewe ndiye wa mwisho."

Nilisikia Ioteba akiketi juu ya magunia. Akavuta pumzi ndefu.

"Kumbe mnaona," akasema.

"Tunaona sote. Fundi anaona, mpishi anaona. Wafugaji wa samaki wanaona."

"Mimi nilidhani naona peke yangu. Naharibu, nageuka, nyote mnaniambia vizuri. Nikawa nasema labda macho yangu yana kasoro, labda hata vioo navisoma vibaya. Ndiyo maana nilikuwa narudi kwenye makufuli. Nilikuwa sijui tena kama ninachokiona ndicho kilichopo."

Terieta akaketi naye. Nikaona miguu yake mirefu ikinyooka karibu na kichwa changu.

"Hilo ni kosa letu," akasema. "Si lako. Sasa niambie, unaogopa nini hasa?"

"Kugonga."

"Ukigonga itakuwaje?"

"Tutakufa."

"Kwa mwendo wako? Tukigonga kwa mwendo wako, kituo kitadhani kimepigwa busu."

Akacheka tena, kidogo. Terieta akamwambia, "Mkeka urudishe. Onotoa ya Juu utaegesha peke yako. Sitakaa karibu yako. Ukikosea nitakuambia umekosea, na ukipatia nitakuambia umepatia, na hutasikia neno lolote katikati ya hayo mawili."

"Na nikigonga?"

"Utakuwa umegonga. Utarudi nyuma, uanze tena." Akasimama. Alipofika mlangoni akasema, "Bauro, huo mpira umekaa vizuri?"

"Umekaa, dada," nikajibu kutoka chini ya bomba.

Rotia hakuupenda mpango huo. Alikuja chumba cha injini na Terieta akimfuata, akaniuliza mimi mlango wetu wa mbele unaweza kuhimili nini.

"Inategemea nani anagonga," nikasema. "Akigonga Ioteba, tutapaka rangi."

"Terieta, huyu ni mtoto wa kaka yangu. Akivunja meli, mama yake nitamwambia nini?"

"Akiivunja kweli, Nahodha, hutakuwepo kumwambia."

Rotia aliwaza. "Hiyo ni nafuu kidogo," akasema, na akakubali.

Siku ya Onotoa ya Juu, Terieta alichukua kikombe chake cha chai akaenda kuketi kwenye ujia nyuma ya chumba cha rubani, mahali ambapo Ioteba hata angegeuza shingo asingeuona uso wake. Rotia alibaki kwenye kiti cha nahodha, amefumbata mikono kwapani ili asije akamgusa mtu bega. Mimi nilisimama mlangoni. Sikuwa na kazi pale.

Ioteba alianza vizuri. Kisha meli ikayumba, na nikaona shingo yake ikianza kugeuka kumtafuta Terieta. Palikuwa na kiti kitupu. Alikitazama kile kiti, akarudisha macho kwenye kioo. Jasho lilikuwa likimshuka sikioni. Akasogea, akasogea, na badala ya kusimama akasogea tena, na ubavu wa Eitei ukakigonga kituo.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama sufuria iliyoanguka nyumba ya pili. Nje ya dirisha tuliiona taa ya gati, ile kubwa ya mbele, iking'oka na nguzo yake na kuondoka polepole kuelekea gizani.

Nyuma yangu nilimsikia Terieta akiweka kikombe chini, lakini hakuinuka. Mkono wa Rotia ulikuwa umetoka kwapani, akaurudisha.

Redio ikalia. Alikuwa mkuu wa kituo, mzee mmoja mwenye sauti ya usingizi. "Eitei, mmeangusha taa yetu."

"Tumeona," Rotia akasema.

Ioteba alikuwa mweupe kama nazi iliyokunwa. Alitazama ubao wa taa za hatari, akingoja hata moja iwake nyekundu. Haikuwaka. Hewa ilikuwepo. Sote tulikuwepo. Nilimwona akitazama vidole vyake kwenye usukani, kama mtu aliyeamka kwenye ndoto akahesabu watoto wake na kuwakuta wote. Halafu akabonyeza redio.

"Nahodha," akasema, ingawa Rotia alikuwa nyuma yake, mkono ungeweza kumfikia. "Nimegonga. Narudi nyuma, naanza tena."

"Anza," Rotia akasema.

Akarudi nyuma, akaanza tena. Aliingia kombo, akanyoosha, akaingia kidogo kwa nguvu, na mlango ukakaa juu ya mlango. Makufuli yakajifunga. Ioteba aliondoa mikono kwenye usukani, akaiweka magotini.

Terieta akaja. "Ya kwanza ulipita kulia mno, na ulijua, ukaendelea," akasema. "Umekosea. Ya pili umepatia. Kaniletee chai nyingine, hii imepoa."

Adhabu ilikuwa taa. Mzee wa kituo alitaka irudi mahali pake kabla ya meli nyingine kufika, kwa hiyo mimi na Ioteba tulivaa mavazi ya nje, tukaifuata ilipoelea, tukaivuta kwa kamba na kuichomelea upya. Vijana wa Onotoa walitoka kutusaidia, na hawakumwacha hivi hivi. Mmoja akamwuliza kama kwao taa ni mwiko. Mwingine akasema kituo kina taa nyingine upande wa pili, isije ikaona wivu.

"Hiyo nimeiwekea safari ijayo," Ioteba akasema.

Walipenda jibu hilo. Kazi ilipokwisha walitukaribisha ndani, wakatupa shelisheli la kuchoma na tembo la mnazi, na Ioteba akala kama mtu aliyefunguliwa mdomo. Alizungumza mengi. Niligundua kwamba anajua kuimba, jambo ambalo miezi yote ile hakuna aliyelijua, na kwamba anaimba vibaya vile vile, lakini hilo halikuwa likimsumbua.

Sitaki mtu afikiri kwamba aligeuka kuwa rubani hodari. Hakugeuka. Aligonga tena Marakei, kidogo, na kule kwa wafugaji aliwahi kuegesha kwenye mlango usio wao ikabidi wabebe magunia kupita jikoni kwa mtu. Siku nyingine mikono ilimtetemeka kama zamani. Aliegesha hivyo hivyo ikitetemeka. Makufuli aliyakagua mara moja, kama inavyotakiwa, na ukimwangalia sana uliona miguu ikitaka kurudi, naye akiikatalia. Akawa rubani wa kati. Meli nyingi zinaendeshwa na watu wa kati na zinafika.

Terieta aliendelea na ahadi yake. Kila baada ya kituo, tukishaketi kwenye mikeka kula, alimwambia alipokosea na alipopatia, bila kupunguza wala kuongeza, huku akichambua miba ya samaki. Ioteba alisikiliza, akisema ndiyo mkuu, sawa mkuu. Mpaka siku moja, tumetoka Nonouti, Terieta akamwambia amefunga breki mapema.

"Hapana," Ioteba akasema.

Mpishi aliacha kupakua.

"Unasema?"

"Nasema hapana, mkuu. Pale sikuwahi. Kituo kilikuwa kinazunguka kuja kwetu, ningesubiri ningechelewa."

"Kilikuwa kinazunguka kwenda, si kuja."

"Kuja. Muulize fundi."

Mimi nilikuwa kwenye injini, sikuona kitu, nikasema hivyo. Wakaendelea. Ioteba akachukua sahani ikawa kituo, kijiko kikawa Eitei, akamwonyesha. Terieta akageuza sahani upande wa pili, akamwonyesha yeye. Kusema kweli Terieta ndiye alikuwa sahihi. Hata Rotia alijua, na alikuwa akila kimya ameinamia sahani yake ili tusimwone akitabasamu. Lakini Ioteba alibisha mpaka samaki wakapoa, na Terieta akamwacha abishe.