Mistari Mitatu ya Fundi Cheche

Fundi Cheche alikuwa na miaka hamsini na mbili, karakana ya kuchomelea mageti, na aibu moja kubwa: mama yake alikuwa amewahifadhisha Qurani nusu ya watoto wa mtaa, lakini yeye, mwanawe wa kumzaa, aliambulia sura fupi fupi za kuswalia. Sasa mama alikuwa na miaka themanini na tatu na kikohozi kilichogoma kupona. Fundi aliogopa. Alitaka amsomee msahafu mzima kwa moyo kabla hajafa, basi akapiga hesabu: kurasa mia sita na nne, mbili kwa siku, miezi kumi kazi imekwisha. Hakumwambia mtu.

Akaanzia mwisho wa msahafu na kwenda mbio. Alisoma akikata nondo, akasoma akila, na mteja aliyeulizia geti lake alijibiwa kwa aya. Siku ya thelathini na saba, alipoimaliza Sura ya Rahman, kichwa kilimvimba. Akafunga karakana mchana kweupe, akavuka mji kwenda kujitamba.

Alimkuta mama ameketi kitandani anakunja nguo. Mama alimsikiliza akijisifu na hesabu yake ya miezi kumi, hakushangaa hata kidogo.

"Haya, soma."

Sasa, sura ile ina aya moja inayorudi mara thelathini na moja, na kila inaporudi, msomaji sharti ajue anatokea wapi. Fundi alianza vizuri, akafika katikati, akakutana na ile aya, akashika njia isiyo yake, mara akajiona yuko mwanzoni. Akaenda tena. Akarudi tena. Jasho likamtoka. Mama alimaliza kukunja mashuka, akaanza foronya.

"Baba," alisema mwishowe, "hapa tunapita mara ya tatu. Nilidhani unanipeleka Peponi, kumbe tunazunguka ukuta."

"Nimeteleza kidogo tu, mama."

"Basi nisomee za wiki ya pili."

Fundi alifungua kinywa. Hakikutoka kitu.

"Geti likichomelewa nukta nukta tu, inakuwaje?"

"Linamwangukia mtu," alisema Fundi kwa shingo upande.

"Leo limeniangukia mimi. Anza upya. Mistari mitatu kwa siku, na uniletee hapa kila asubuhi kabla hujafungua karakana."

Fundi akatoa simu, akabonyeza hesabu. Ukurasa mmoja, mistari kumi na mitano. "Mama, hiyo ni miaka minane."

"Na miezi mitatu," alisema mama, ambaye simu yake ilikuwa kichwani.

"Lakini wewe..."

"Nitakuwa nimekufa. Sema tu, neno lenyewe haling'ati."

"Ndiyo maana nilikuwa nakimbia," alisema Fundi.

Mama akaweka foronya chini. "Kabla ya leo, ulikuja lini?"

Fundi alihesabu kimoyomoyo. Miezi miwili na ushee.

"Na hiyo miezi kumi yako ikiisha, humu ndani utakuja kufanya nini?"

Fundi alilia, mtu mzima na masizi yake usoni. Mama alimwachia foronya ajifutie, kisha akamlaumu kwamba ilikuwa safi.

"Kesho mitatu," alisema. "Ukileta minne, sikusikilizi."