Drili ya Supamaketi

Kaka yangu Twalib aliinunua drili ile supamaketi, mjini, kwenye rafu iliyokuwa kati ya sabuni za kufulia na biskuti za kopo. Alitusimulia hivyo akicheka, maana sisi tulizoea kwamba kifaa cha fundi kinauzwa na watu wanaojua ufundi. Miaka ile maduka yalikuwa yameanza kujaa tena, na chochote kilichotoka kwenye boksi la rangi tulikiona kizuri. Boksi la drili lilikuwa na picha ya mzungu aliyevaa shati jeupe, anatoboa ukuta huku anatabasamu.

Twalib alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani Chang'ombe, na ndoa ilikuwa mbele yake. Mchumba wake, Munira, nilisoma naye mpaka nilipoacha shule darasa la tano. Watu wa Munira walikuwa wameikubali posa kwa sharti la ukoo wao. Kitanda cha bi harusi lazima kiwe cha mninga. Wanawake wa kwao huja na ngoma kukichukua kwa bwana harusi, kila mmoja akibeba kipande chake, wakakifunge kwa bolti kwenye ua wa mama mtu, majirani wakione. Baada ya hapo kinafunguliwa na kurudishwa kwa mume. Kitanda kisipofika uani, hakuna ndoa. Twalib alilijua hilo kama alivyolijua jina lake.

Fundi wa vitanda mtaani kwetu alikuwa Sadallah, lakini alikuwa na kazi za watu mpaka baada ya mwezi wa Ramadhani. Twalib akasema hangojei. Alikuwa na hesabu yake: drili ingetengeneza kitanda hiki, halafu vya watu wengine, halafu angefungua karakana, na kiwanda kingebaki kuwa hadithi. Aliipitisha barazani kwa Sadallah ili ionekane. Sadallah aliipima kwa mkono mmoja, akamrudishia.

"Nyepesi kama birika," alisema. "Hii ya kutundikia picha, braza. Mninga utaitafuna."

Waliokaa pale wakacheka. Twalib naye alicheka, akamwambia kwamba wivu utamuua kabla hajazeeka.

Siwezi kuisingizia drili ile. Siku ya kwanza ilitoboa ukuta wa jikoni, Twalib akanifungia rafu ya sufuria, na rafu ile ipo mpaka leo. Ilitoboa mlango wa choo, tukapata komeo. Majirani walikuja kuomba watobolewe sehemu za kutundika pazia, na kwa muda mfupi kaka yangu aliitwa fundi. Nilimwona akitembea tofauti.

Kisha zikaja mbao za mninga. Waya wa drili ulikuwa mfupi, ule wa kuunganishia tulioazima kwa jirani alikuwa ameshauchukua, na soketi yetu ilikuwa moja tu, chumbani kwa Twalib, nyuma ya mlango. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika humo chumbani. Mimi nilishika mbao. Aliziranda kwa randa ya mkono, akachonga matendegu manne ya miguu, akakata mifumbati ya ubavuni, vyote vizuri. Ilipofika kutoboa matundu ya bolti, aliilalia drili kwa kifua chake chote. Ililia, ikatoa harufu kama ya nywele zinazoungua. Tendegu la kwanza likakamilika. Katikati ya la pili moshi ukatoka pale penye matundu ya kupumulia, na drili ikanyamaza.

Aliipuliza. Akaiweka dirishani ipoe. Alipoiwasha tena iliguna kidogo, basi.

Aliirudisha supamaketi. Dada wa kaunta alimwambia kwamba karatasi iliyokuwa ndani ya boksi inasema mashine ipumzishwe kila baada ya muda mfupi, na si ya mbao ngumu. Karatasi hiyo tuliiona, ilikuwa na lugha nyingi, yetu haikuwemo. Kisha akamwuliza, watu wakiwa kwenye foleni nyuma yake, kama kwao kuna umeme au aliichomeka kwenye betri ya redio. Foleni ikacheka. Twalib alirudi na boksi chini ya kwapa.

Nilimwambia twende kwa Sadallah tukaombe atutobolee tu. Alinitazama kama nimemtukana. Wanawake walikuwa wanakuja Jumamosi ya wiki ile ile.

Basi akatumia gundi na misumari mirefu. Alikibana kitanda kwa kamba usiku na mchana mpaka gundi ikashika, akaziba vichwa vya misumari kwa unga wa mbao, akapaka vanishi. Kilipendeza. Alikirukia, hakikulia. Akanivuta mkono na mimi nikaruka.

"Kaka, watakifunguaje?" nilimwuliza. Kuuliza kwangu huwa ni kwa sauti ndogo, na watu wengi hawajibu. Yeye alijibu.

"Hawatakifungua. Kitatoka kizima. Nimepima mlango, kikilazwa ubavu kinapita na nafasi ya kidole inabaki. Wataona cha watu wengine kinakuja vipande, cha Munira kinakuja kizima."

Mlango aliupima kweli. Ukumbi hakuupima. Nyumba yetu ilikuwa kama nyumba nyingine za Temeke, vyumba huku na huku na ukumbi mwembamba katikati. Kitu kirefu kikitoka chumbani lazima kikate kona papo hapo.

Jumamosi baada ya adhuhuri wakaja, wamejifunga khanga za sare, ngoma mbili mbele. Aliyewaongoza alikuwa Bi Zuena, shangazi yake Munira, ambaye ndiye somo yake, aliyemfunda mambo ya unyumba. Nilimpa shikamoo. Alinipa pochi yake nimshikie. Akaingia chumbani, akapitisha kiganja kwenye ubao wa kichwani, akakaa, akawakalisha na wenzake watano. Kitanda hakikutikisika.

"Hapa umeweza, mwanangu," alisema, na Twalib akainamisha kichwa kwa furaha. "Haya, lete spana tukifungue."

Twalib akaeleza kwamba kitatoka kizima. Bi Zuena hakubisha. Akawaita wanaume wanne waliokuwa wanapita njiani. Wakakilaza ubavu, kikapita mlangoni kama alivyosema, kidole kikabaki. Kisha kikagonga ukuta wa pili wa ukumbi. Nusu ilikuwa nje ya mlango na nusu ndani. Wakakiinua upande mmoja, wakakigeuza miguu juu, wakakirudisha, wakajaribu tena. Plasta ikadondoka. Mwenye nyumba akatoka akasema anayetaka kugusa ukuta wake akanunue wa kwake. Nje ngoma zilikuwa bado zinapigwa, kisha zikapungua, kisha zikaacha.

Twalib akaenda na nyundo kuling'oa tendegu. Gundi yake ilikuwa imeshika vizuri mno. Aligonga mpaka ubao wa kichwani ukapata ufa, tendegu likabaki palepale.

"Kumbe kitanda chenyewe ni mfungwa," Bi Zuena alisema. "Kikate."

Sadallah alikuwa ameshafika, watu wanapojaa yeye hakosi, na akajitolea kuleta msumeno wake wa umeme wenye waya wa kufika barabarani. Twalib alikataa. Akachukua msumeno wa mkono. Mninga haukatiki haraka, na pale ukumbini hakuwa na nafasi ya kunyoosha kiwiko. Wanawake waliketi kwenye mkeka nje ya mlango. Mmoja akaanza kupiga makofi kufuata msumeno. Wengine wakamfuata. Twalib alipopunguza, nao walipunguza. Alipokaza, nao wakakaza, na mwenye ngoma akaingia. Mmoja akatunga maneno, kwamba bwana harusi anakata kitanda, usiku atakata nini. Hata watoto wa mtaani waliyashika papo hapo. Jasho la kaka yangu lilidondokea kwenye vanishi. Nilisimama nyuma yake nimebeba pochi ya Bi Zuena, nikawa naangalia kisogo chake.

Mifumbati yote miwili ilipokatika, vipande vikatolewa nje. Bi Zuena alikisukuma kimoja kwa mguu.

"Sie tulikuja kuchukua kitanda," alisema. "Kuni tunazo nyumbani."

Akanyoosha mkono nimpe pochi yake, wakaondoka wanaimba.

Jumatatu wazee wao walikuja kuirudisha posa. Walikuwa na adabu, walikunywa chai. Walipoondoka Twalib alinituma kwa Munira. Alisema wazee ni wazee, lakini Munira ana neno lake, na akisema anamtaka, yeye atakwenda kwa Sadallah kuomba kwa magoti kitanda kingine.

Nilimkuta Munira uani anachambua mchele. Alinipisha kwenye mkeka, akaniuliza hali ya nyumbani. Nikamwambia nilichotumwa. Alisogeza mchele kwa kidole, akatoa jiwe, akalirusha.

"Mie nilimtaka yeye, wala si kitanda," alisema. "Mwambie hivyo, asije akadhani namdanganya. Lakini wimbo umefika mpaka Tandika. Jana nimekwenda bombani, wasichana wananikatia kwa mikono, hivi, kama msumeno. Nikiolewa naye nitaimbiwa mpaka nizae, na wanangu wataimbiwa. Siwezi. Tena usirudi kunishawishi, shoga, maana hata wewe ukikaa hapa watu wanatuangalia."

Nikaondoka. Twalib alikuwa amekaa chumbani, godoro chini, mahali pa kitanda pakiwa na unga mwekundu wa mbao. Nilimweleza yote, neno kwa neno, kwa sababu alinitaka nisipunguze. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kama Munira alisema chochote kuhusu kitanda chenyewe, kama walimwambia kwamba walikaa wanawake sita na hakikulia.

Nikamwambia hakuuliza.