Koti la Kwenda Rhine

Katika shule ya bweni aliyosoma Kenya, Sheldon alishikilia cheo ambacho hakikuandikwa popote: waziri wa mizaha. Alipoletwa ughaibuni, mjini Arlington, kuishi na mama yake, Moraa, alikuta mji wa magari, usio na bweni wala hadhira. Basi asubuhi moja ya Januari, mama alipokwenda shifti hospitalini akasahau simu mezani, mheshimiwa waziri alirudi kazini.

Kupitia simu hiyo, aliingia kwenye kundi la akina mama wa kanisa akaandika kwa jina la mamake: "Wapendwa, Bwana ni mwema. Wiki ijayo napanda meli ya kitalii kwenye mto Rhine. Nitapita ngome za kale na vijiji vya mvinyo, theluji ikianguka. Mniombee." Alipanga kuufuta ujumbe kabla mama hajarudi. Akacheka, akajinyoosha kwenye kochi, usingizi ukampitia.

Kengele ya mlango ndiyo iliyomwamsha, jioni. Katika kundi lile mtu hasafiri bila kuombewa, na akina mama walikuwa wamefika na chupa za chai na chapati zilizofunikwa kwa taulo.

"Hivyo vijiji vya mvinyo tutaviombea peke yavyo," mmoja alisema, lakini wenzake hawakucheka.

Bertila, mwenyekiti wao, aliweka koti refu la sufu juu ya kiti. "La Loice. Aliliacha kwangu alipohamia mji wa Katy. Amepiga simu leo, anasema apewe Mama Sheldon, asije akapigwa na baridi."

Hapo Sheldon akakumbuka Loice ni nani. Mume wa Loice, Mark, alikuwa amefariki kabla ya Krismasi. Kundi zima lilisafiri hadi Katy kukaa naye matanga, isipokuwa Moraa. Alinyimwa ruhusa kazini, akawaomba radhi huku akilia.

Moraa aliingia na sare zake za uuguzi, macho mekundu kwa uchovu. "Karibuni. Kuna nini?"

"Hongera, dada," Bertila alisema polepole. "Ila ungetuambia ukweli tu. Ya Katy ruhusa hukupata, ya meli umepata."

Moraa aliichukua simu, akasoma. Akamtazama mwanawe, kisha sakafu. Hata Sheldon aliona kwamba neno lolote kutoka kwa mama yake lingesikika kama uongo wa pili.

"Kaeni basi, nilete vikombe," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo mno.

Sheldon akasimama. Alikohoa kidogo, na mama mmoja akafumba macho akidhani kijana anafungua maombi.

"Hakuna meli," alisema. "Niliandika mimi. Mama hajui chochote."

Alizoea kicheko baada ya maneno yake. Safari hii Bertila aliligeukia koti.

"Na Loice?" Bertila aliuliza.

"Sheldon atamwambia mwenyewe," Moraa alijibu.

Siku yake ya mapumziko ilipofika, Moraa alimpakia Sheldon garini akaendesha hadi Katy, koti likiwa limelazwa kiti cha nyuma kama abiria.

Loice alimsikiliza Sheldon hadi mwisho, mikono mapajani.

"Kwa hiyo hakuna anayekwenda."

"Hapana, Anti. Nisamehe."

"Koti hili Mark alininunulia. Tulikuwa tunasema siku moja tutaenda mahali pa theluji." Alilipapasa kola. "Nikaona, kama mimi siendi, acha basi koti liende."

Sheldon alitamani zulia limfunike. Pembeni, mama yake alisogea akaketi karibu na Loice, akamshika mkono, kama ambavyo angefanya siku za matanga.

"Hizo ngome ulizitoa wapi?" Loice aliuliza.

Angeweza kumtungia habari nzuri ajabu.

"Kwenye tangazo, Anti."

"Nionyeshe."

Sheldon alipiga magoti mbele yake, akamshikia simu yenye tangazo lile. Loice alizitazama picha moja moja, bila haraka. Kila mara kioo cha simu kilipoanza kufifia, Sheldon alikigusa upesi kisizime, hadi mjane alipomaliza kuangalia.